Nyimbo za Apala za Wayoruba na Mafundi Wake Waliofariki

Wageni wasikiapo apala, nyimbo za ngoma za Wayoruba wa magharibi ya Nigeria, mara nyingi husema kwamba ngoma ni nyingi na tuni haipo. Twaona hukumu hii si ya haki. Tuni ipo, ila imekubali kuyatii maneno.

Kiyoruba husemwa kwa sauti tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na sauti hizo ni sehemu ya neno sawasawa na herufi zake. Mathalan, neno ọkọ, kwa kadiri ya sauti, ni mume, au jembe, au chombo cha kusafiria, au mkuki. Wasomaji wetu waliozaliwa katika Kikikuyu watalitambua jambo hili upesi. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili yatupasa kutega sikio.

Haruna Ishola wa Ijebu-Igbo, aliyefariki mwaka 1983, aliimba ameketi, kando yake wapigaji wa ngoma za kubana kwapani. Kamba za ngoma hizo zikikazwa, sauti hupanda, zikilegezwa, hushuka. Kwa hiyo mwimbaji anyamazapo, ngoma humjibu kwa maneno, wala si kwa kishindo tu. Chini ya yote huenda agidigbo, sanduku lenye vibamba vya chuma, mfano wa ilimba ya Wagogo lakini kubwa zaidi, nayo haina haraka kamwe.

Ayinla Omowura wa Abeokuta, aliyeuawa katika ugomvi wa kilabuni mwaka 1980, alikuwa mkali, mwepesi wa kuchoma kwa maneno. Wako wampendao kuliko Haruna. Sisi si miongoni mwao. Ukali wake hushika mara moja, bali Haruna huongezeka kila asikilizwapo. Yusuf Olatunji, aliyefariki mwaka 1978, alikuwa fundi wa sakara, ambamo zeze la uzi mmoja humwandama mwimbaji kama kivuli.

Hulaumiwa kwamba waliwasifu matajiri kwa ajili ya fedha. Ni kweli: santuri mashuhuri ya Haruna ya mwaka 1971, Oroki Social Club, ni sifa ya chama cha watu wa Osogbo. Lakini sifa kwa Wayoruba ni hazina ya nasaba. Amsifuye mtu huwataja na babu zake. Hata hivyo, pengine majina huzidi, na wimbo ukachoka.

Makanisani mambo yalikuwa mengine. Tenzi za kwanza zilitiwa katika tuni za Kiingereza, maneno yakapanda palipopasa kushuka, na maana ikapotoka. Padre J. J. Ransome-Kuti alitunga tenzi za Kiyoruba, akaziimba katika santuri huko London mwaka 1922, na T. K. E. Phillips, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Lagos, alijitaabisha miaka mingi kupatanisha tuni na sauti za lugha. Waimbaji wa apala, wengi wao Waislamu, hawakuhitaji kuitafuta kanuni hiyo, kwani haikuwahi kuwatoka.