Sekunde Moja Ukingoni

Wazazi wakiniuliza kama The Lion King, ile ya mwaka 1994, inafaa watoto wadogo, huwa wana kifo cha Mufasa, baba yake Simba, akilini. Mimi husita mbele kidogo, mwili ukishalala chini. Nikiwaza jioni ya shuka jeupe na projekta kule Mantapala, nasita zaidi. Makazi hayo ya wakimbizi wilayani Nchelenge, Zambia, yalifunguliwa Januari 2018 kwa Wakongo waliovuka kutoka pande za Pweto na Moba, zaidi ya nusu yao watoto.

Tuanze bondeni. Waongozaji, Roger Allers na Rob Minkoff, hawakuanza na kishindo. Simba mdogo anamngurumia kinyonga, mwangwi unarudi, anafurahi. Kisha kokoto zinaanza kurukaruka chini. Hatari inamfikia mtazamaji kwa vitu vidogo kuliko vyote pale, ndipo nyumbu wanapomwagika kutoka juu. Kundi lile lisingewezekana kwa penseli peke yake. Mafundi watano walihangaika zaidi ya miaka 2 kwa dakika mbili na nusu, kwa programu ya kompyuta iliyomfanya kila nyumbu akimbie kivyake bila kumgonga mwenzake, kisha wakawapa sura ya mchoro wa mkono ili wasionekane wageni ndani ya filamu. Nyumbu hao hawana ubaya na mtu, wanakimbia tu, na mtoto aliyewahi kubebwa ndani ya umati unaokimbia anaujua mkimbio wa namna hiyo.

Halafu vumbi. Nyumbu mmoja aliyechelewa anapita, Simba anadhani ni baba yake. Hila ndogo hiyo inauma kuliko kishindo chote kilichotangulia. Katika Bambi ya mwaka 1942 mlio wa bunduki unasikika, theluji inaanguka, mama haonekani tena. Hapa mwili unaonyeshwa. Simba anavuta sikio la baba, anaita, anajipenyeza chini ya mkono wake na kulala. Muziki ni wa Hans Zimmer, ambaye mwenyewe alifiwa na baba akiwa na miaka 6, na haumharakishi mtoto kuacha kulia. Mimi naitetea sehemu hii. Kwetu maiti haifichwi watoto kiasi hicho. Kinachokosekana pale ni watu: hakuna tanga, hakuna shangazi wa kumpakata.

Anayekuja ni Scar, baba mdogo. Anakuja na swali badala ya pole: umefanya nini? Anataja mama, atasemaje. Kisha anamwamuru akimbie na asirudi kamwe. Hapo ndipo ninaposita. Mtoto amepewa kosa, na adhabu yake ni ukimbizi.

Lakini tazama jinsi filamu ilivyojilinda. Kabla ya shutuma hiyo, sisi tumeshamwona Scar akimchoma Mufasa kucha na kumtupa kutoka ukingoni. Mtazamaji anajua asilolijua Simba, na watoto wakiwa wengi utawasikia wakimkanusha Scar kwa sauti. (Anayesikia Kiswahili ana faida nyingine: kwake Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na fisi aitwaye Shenzi hahitaji maelezo.) Ulinzi huo, hata hivyo, umetundikwa kwenye tendo la sekunde chache, na ndizo sekunde mtoto mdogo anapojifunika uso. Akifumbua macho, Scar anazungumza kwa upole, na mtu mzima anayezungumza kwa upole huaminika.

Simba mwenyewe anaujua ukweli mwishoni kabisa. Katikati kuna jangwa, Timon, Pumbaa na wimbo wa kusahau, ambao kwangu umewahi mno. Filamu ina kama dakika 88, na msiba unatokea kabla ya nusu. Betri ya sola ikizimika katikati, au mtoto akiitwa nyumbani, anaondoka na Simba mwenye hatia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kifundi, na nyenzo ipo. Mabanda ya video ya Afrika Mashariki yamezoea mtafsiri anayesema juu ya sauti ya filamu. Akiwepo mtu kama huyo kando ya shuka, asiruke kifo wala asipunguze sauti ya nyumbu. Scar akianza kuuliza, yeye awahi, kwa sauti ya kawaida: huyu ndiye aliyemsukuma, nimemwona. Na betri ikionekana kuchoka, aruke nyimbo, si mwisho.