Tamthilia ya Mchungaji Ilipogeuzwa Filamu

Katika sharika zetu za kandokando ya ziwa ni nadra Pasaka kupita bila igizo. Vijana huigiza mateso ya Bwana au kufufuliwa kwa Lazaro, na Lazaro mwenyewe tunamjua: ndiye mpiga kinanda wetu. Hakuna anayedanganyika, wala imani ya mtu haipungui. Siku hizi maigizo hayohayo hurekodiwa na kusambazwa kwa simu, na wengi hudhani kwamba kazi iliyobaki ni ya fundi wa kamera tu. Sisi tunaona sivyo. Igizo likitoka jukwaani kwenda kwenye filamu, hupoteza kitu ambacho hatukujua kwamba lilikuwa nacho.

Filamu moja ya zamani kutoka Denmark, nchi ya Walutheri wenzetu, yatufundisha jambo hilo. Kaj Munk, mchungaji wa kijiji cha Vedersø, aliandika mwaka 1925 tamthilia aliyoiita Ordet, yaani Neno. Iliigizwa mara ya kwanza mwaka 1932. Munk hakuogopa kuwapinga Wanazi walioikalia nchi yake, nao wakamuua Januari 1944. Miaka kumi na moja baadaye, mwongozaji Carl Theodor Dreyer akaitoa tamthilia hiyo kama filamu, nayo ikapata Simba wa Dhahabu huko Venice.

Habari yenyewe ni ya wakulima. Mzee Morten Borgen ni Mkristo wa furaha. Jirani yake Peter, fundi cherehani, ni wa kundi la uamsho linalohesabu nani ameokoka na nani bado. Kwa sababu hiyo watoto wao wanakataliwa kuoana. Aliyeona mivutano ya ndugu wa Uamsho na washarika wenzao, Bukoba au huku kwetu, hahitaji maelezo zaidi. Mwana mmoja wa Morten, Johannes, amerukwa na akili na anajiita Kristo. Inger, mke wa mwana mkubwa, anafariki kwa uzazi. Siku ya maziko Johannes anarudi, akili zimemtulia. Binti mdogo wa marehemu anamshika mkono, na yeye analiitia jina la Yesu. Inger anafumbua macho.

Jukwaani, watazamaji wanajua kwamba mwigizaji yule atasimama na kuinama kupigiwa makofi. Kwenye filamu hakuna makofi hayo. Dreyer alikuwa na kila nafasi ya kuongeza mambo, naye akapunguza. Aliondoa sehemu kubwa ya maneno ya Munk. Saa ya muujiza hakuna ngurumo wala moshi. Kuna chumba cheupe, jeneza, watu waliosimama, na kamera isiyo na haraka. Tunangoja mpaka tunachoka kungoja, kisha vidole vinatikisika. Tena anayefufuka si roho inayoelea. Mume alikuwa amelia kwamba aliupenda mwili wake pia, na mwili huo ndio anaoukumbatia. Tunaokiri kila Jumapili ufufuo wa mwili tuitazame sehemu hiyo mara mbili.

Jambo moja linatufanya tusite. Tamthilia ilimwachia daktari mwanya wa kudhani kwamba kifo hakikuthibitishwa sawasawa, Dreyer aliuziba. Wengine humsifu kwa hilo. Sisi tungependa mwanya ule ubaki, maana Munk alikuwa mchungaji, na alijua wenye shaka nao huketi kanisani.

Sasa tumtazame mchawi wetu. Katika maigizo yetu, kama katika filamu nyingi za Nigeria na za Dar es Salaam, mchawi ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Uani kwa kanisa, bibi huyo ni mama wa kwaya aliyepakwa rangi. Watoto wanacheka kwa sababu wanamjua, na igizo likiisha ndiye anayewapakulia pilau. Kamera ikija, pilau haimo. Inasogea karibu na macho, fundi anaongeza radi na wekundu zaidi, na mtazamaji wa Magu au Misungwi, ambaye hajawahi kumwona mama yule, anabaki na bibi mwenye macho mekundu basi.

Usukumani hilo si suala la sanaa tu. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga imewazika akina mama wazee waliokatwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho ukahesabiwa ushahidi. Wekundu huo waliupata jikoni, kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, miaka yote waliyowapikia wengine.

Dreyer naye alikuwa na mtu wa kutisha, Johannes, ambaye nyumba nzima inamwona mwendawazimu. Hakumpaka rangi. Alimpa sauti ngeni na mwendo wa polepole, akamwacha akae mezani mwa baba yake kama mtoto wa nyumba. Kama igizo letu linamhitaji bibi yule, basi kamera ianzie jikoni kwake alfajiri, kabla jirani yeyote hajamtaja, ikimwona ameinama anapuliza moto, akijifuta machozi kwa upindo wa khanga.