Nyigu Asiye na Mwiba

Asubuhi ya Uyole au Mafinga, jua likishapasha maua ya kishona nguo kandokando ya shamba la maharage, utamkuta mdudu wa mistari ya njano na nyeusi amesimama hewani, hasogei mbele wala nyuma. Wengi humkwepa wakidhani ni nyigu. Kumbe ni nzi.

Wataalamu humwita Ischiodon aegyptius, mmoja wa nzi wa maua. Hana mwiba wala sumu. Amevaa tu sare ya anayeuma, na ndege aliyewahi kuumwa huiheshimu sare hiyo.

Akitua, mtazame kwa subira uone alivyobana matumizi. Nyigu ana mabawa manne; yeye anayo mawili, na mahali pa yale mengine pana vijiti vifupi vyenye vinundu vinavyomsawazisha arukapo. Vipapasio vyake ni vifupi, macho yamejaa kichwani. Seremala wa Mwanjelwa hupiga msasa milango ya kabati, mgongo unaoegemea ukutani akauacha hivyohivyo. Nzi huyu naye amerembwa pale tu jicho la ndege linapofika.

Jamaa zake wa jenasi ya Ceriana, ambao nao wapo Afrika, wamezidi: vipapasio virefu vimepandishwa juu ya kikonyo, na ukingo wa mbele wa bawa umekolea weusi, ukaonekana kama bawa la nyigu lililokunjwa.

Mwaka 1862 Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 Amazon, alieleza kwa mfano wa vipepeo jinsi kazi hii ya kuigiza inavyofanyika. Fundi ni mla wadudu mwenyewe. Aliyeigiza vibaya huliwa mapema; aliyeigiza vizuri huzaa. Kizazi baada ya kizazi, ndege hunoa uigizaji unaomdanganya.

Na nyuma ya sare kuna kazi. Jike hutaga penye vidukari. Buu, asiye na miguu wala macho, hupapasa kwa kichwa. Akimgusa kidukari humwinua juu na kumfyonza mpaka libaki ganda. Mkulima asiyemjua humpulizia dawa pamoja na vidukari hao hao anaowala. Basi kabla ya kujaza bomba, geuza majani machache uangalie chini yake. Ndege hana nafasi ya kukagua, mkulima anayo.