Eafloo ya Forester ile haikustahili kuguswa

Subaru Forester ya turbo iliyotoka gereji ya Nyegezi hapa Mwanza, ile ambayo wengi wenu mmeiona kwenye video ikikanyagwa kuelekea Mkolani, imeharibiwa na uamuzi mmoja. Uchomeleaji ni safi, mipira imekazwa, intakula haivuji; hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni eafloo, kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini, kung'olewa kwenye bomba lake la kiwandani, ikapachikwa kwenye bomba pana, halafu kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ikaachwa vilevile.

Tazama tena kwenye video pale fundi anapoyaweka mabomba mawili mezani na kusema jipya litaingiza hewa zaidi. Kupitisha litapitisha. Lakini eafloo haioni bomba zima. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita unapoa, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio hesabu inayokwenda kontroboksi. Hesabu hiyo ilipangwa kwa upana wa bomba la kwanza. Panua bomba, hewa ileile itapita polepole, waya utapoa kidogo tu, na injini itaambiwa hewa ni chache wakati ni nyingi.

Piga hesabu mwenyewe. Ukitoka milimita 70 kwenda 80, kipimo kinasoma pungufu kwa takribani asilimia 23. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye egzozi itafidia kiasi. Ukikanyaga mpaka turbo ijae, fidia hiyo inawekwa kando na injini inabaki kuiamini eafloo. Mchanganyiko uliopangwa uwe kilo 11 za hewa kwa kilo 1 ya petroli unasogea hadi 14 na ushei. Kibaya zaidi, kontroboksi ikiona hewa chache inadhani mzigo ni mwepesi, hivyo inawahisha moto wa plagi. Petroli pungufu na moto wa mapema kwa pamoja, tena kwenye EJ20, injini ambayo sote tunajua pistoni zake huvunjika pale ringi zinapokaa! Punguza muziki wa video usikilize gia ya tatu: mlio ule wa kokoto ni injini inagonga.

Utetezi uliotolewa ni kwamba Mwanza tuko juu, gari linakosa hewa. Ni kweli Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ila waya ule hupima uzito wa hewa, si ujazo wake. Gari likipanda kutoka Dar hadi Nyegezi, eafloo inalijua badiliko hilo bila kuguswa na fundi yeyote. Kipimo kilichokuwa kinaielewa hewa ya Mwanza ndicho kilichovurugwa kwa kisingizio cha Mwanza.

Eafloo hudanganywa kwa njia nyingine pia: valvu za kutolea upepo wa turbo nje nimezisema sana hapa na sitaacha. Ule mlio mnaoupenda ni hewa iliyokwisha kupimwa na kupangiwa petroli, kisha ikamwagwa barabarani. Ndiyo maana moshi mweusi unatoka kila gia inapobadilishwa. Na ea klina za kupaka mafuta, zikizidishiwa, zinauchafua waya uleule.

Na gari si lazima liguswe ili lifike mbali: mwaka 1994 dereva Patrick Njiru alimaliza Safari Rally akiwa wa nne kwa Subaru Impreza ya Kundi N, kundi la magari yaliyolazimika kubaki karibu na yale ya dukani. Mbele yake kulikuwa na watu wenye mashine kubwa, na Ian Duncan alishinda kwa Celica. Njiru aliwafukuzia kwa kuijua njia na kuitunza injini. Subaru nao, walipoiondoa eafloo kwenye Impreza STI mwishoni mwa miaka ya 1990, walifunga sensa ya presha na kupanga hesabu yote upya. Hawakuhamisha kipimo wakabaki na hesabu ya zamani.

Mwenye Forester, rudisha bomba la kiwandani wiki hii. Kama hilo pana unalitaka kweli, lipia kwanza jedwali la eafloo lipangwe upya, mchanganyiko ukipimwa kwenye egzozi turbo ikiwa imejaa. Kabla ya hapo usiikanyage tena.