Mwimbaji, Siasa na Tuzo: Neno ni la Nani?

Aghalabu husemwa kwamba hadhira ya Pwani hupenda siasa ifumbwe, na kwamba mwimbaji anayesema waziwazi hujikosesha wapenzi wake. Dai hili limerudiwa hata likawa kama kanuni. Insha hii inakusudia kulipinga. Hoja yetu ni kwamba hadhira haimhukumu mwimbaji kwa kufumba wala kwa kufumbua. Humhukumu kwa swali moja: neno analoliimba ni la nani?

Tuanze na tukio dogo. Mwezi wa Juni 2022, kampeni za uchaguzi zikiwa zimepamba moto, tulihudhuria arusi moja huko Shanzu. Mwimbaji alikuwa mtu wa hoteli za ufukweni, ambaye huwaimbia watalii na huitwa pia katika arusi za mitaani. Nyimbo zake za mapenzi zilipokewa vyema. Watu walitoka mmoja mmoja kumtuza, noti zikarundikana juu ya kinanda. Kisha akaimba wimbo wa kumsifu mgombea mmoja. Hakuna aliyezomea wala aliyeondoka, lakini tuzo zilikatika kama maji ya mfereji. Alirudia nyimbo zake za zamani, na bado zilipita mbili kabla ya mkono wa kwanza kunyoshwa tena. Mzee aliyeketi karibu nasi alisema kwa sauti ya chini, "Huyu, mwanangu, katuimbia risiti."

Kauli hiyo ni uhakiki kamili. Mzee hakulalamikia uwazi wa wimbo, wala hakumtaja mgombea kwa ubaya. Alichokataa ni neno lililokwisha kulipiwa kwingine. Katika taarabu, kutuza si malipo tu: anayetuza hutangaza mbele ya watu kwamba neno la mwimbaji ni lake pia. Basi kuacha kutuza ni kulikana neno hilo hadharani.

Kwamba uwazi wenyewe si kosa, historia ya taarabu yathibitisha. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba kisa cha Kijiti kwa kumtaja muuaji kwa jina, na akaikejeli mahakama ya kikoloni iliyowafunga wanawake ilhali muuaji ametoroka. Hapo hapakuwa na fumbo kubwa. Wimbo ulipendwa kwa sababu uliyapandisha jukwaani malalamiko yaliyokuwa yakisemwa vibarazani Ng'ambo.

Hali kadhalika tunaiona bara. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", wimbo wa kujitapa wenye neno la Kijaluo katikati yake. Wafuasi wa muungano wa NARC wakautwaa wimbo huo katika mikutano yao, na hata watu wasiojua Kijaluo wakauimba kama wao. Mwaka 2024 vijana walioandamana kuupinga Mswada wa Fedha waliugeuza "Anguka Nayo" wa Wadagliz, wimbo wa dansi, ukawa wimbo wa maandamano. Katika mifano hii miwili hadhira ndiyo iliyoupa wimbo siasa yake.

Mfano wa kinyume ni Diamond Platnumz wa Tanzania. Mwaka 2020 alimwimbia na kumpigia kampeni Rais Magufuli. Mwaka uliofuata, alipoteuliwa kushindania tuzo za BET za Marekani, maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kutaka jina lake liondolewe. Wengine walimtetea kwa hoja kwamba sanaa ni sanaa. Hata hivyo, jambo la kutazamwa ni mahali walipochagua kumjibu: penye tuzo. Watu wa arusi ya Shanzu na watia sahihi hao walitumia mizani ile ile.

Hata hivyo, mizani hii nayo yapasa kupimwa. Mwimbaji wetu wa Shanzu alitueleza baadaye kwamba ujira wa wimbo ule mmoja ulizidi mapato yake ya mwezi hotelini, na kwamba ulikuwa msimu mbovu, wageni hakuna. Kazi yake ya kila siku nayo ni neno la kukodiwa. Tangu Them Mushrooms walipotoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, mwaka ule ule wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1, wanamuziki wa hoteli za Pwani wamekuwa wakilipwa kumhakikishia mgeni kwamba nchi ni shwari. Hakuna anayewanyima tuzo kwa hilo. Kwa nini basi risiti ya hoteli isamehewe, na ya mgombea isisamehewe? Jibu letu ni kwamba wimbo wa hoteli huambiwa mgeni, na wenyeji wanajua hauwahusu. Wimbo wa mgombea uliimbwa kwa niaba yao bila idhini yao.

Liko pia tatizo zito zaidi. Kutoka hoteli hizo hadi Gereza la Shimo la Tewa ni mwendo mfupi, na mtu wa fasihi halipiti gereza la Kenya asimkumbuke Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kijitabu chake *Kenya: Twendapi?*. Yeye ni mshairi, si mwimbaji, lakini funzo ni moja. Neno lake lilikuwa lake mwenyewe, na wakati ule waliothubutu kulitamka pamoja naye hadharani walikuwa wachache. Diwani aliyoiandika kifungoni, *Sauti ya Dhiki*, ilichapishwa mwaka 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Kama hadhira ingetuza tu yale inayoyasema tayari, nani angelitoa neno ambalo haijawa tayari kulisikia?

Kwa hiyo hapana budi hadhira nayo ihakikiwe. Ukimya wake huweza kuwa hukumu ya haki dhidi ya neno lililonunuliwa. Huweza pia kuwa woga mbele ya neno lililotangulia wakati wake. Kwa nje kimya hizo mbili hufanana. Kazi ya mhakiki ni kuzitenganisha, na hawezi kuifanya akisoma maneno ya wimbo peke yake. Sharti aketi arusini, atazame mikono ya watu, na ajue ni wakati gani, na kwa sababu gani, ilirudi mifukoni.