Roketi ya Kunyongea: Kuisoma Tena "Walenisi"

Hadithi yangu ilirudishwa. Mchapishaji mmoja wa hapa mjini, ambaye simtaji maana bado nina miswada mingine ya kumpelekea, aliniandikia mistari mitatu tu. Lugha yako nzuri, akasema. Kisa kinasomeka. Lakini mambo ya roketi na setilaiti hayana mandhari ya Kiafrika. Barua hiyo niliisoma ndani ya matatu, nikacheka peke yangu mpaka makanga akanitazama kama mtu aliyepandwa na pepo. Nilicheka kwa sababu hadithi yenyewe inatokea Ngomeni.

Kwa usiyepajua, Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Malindi. Mkabala wake, baharini, yamesimama majukwaa ya chuma yaliyoletwa na Waitaliano miaka ya sitini chini ya profesa wao Luigi Broglio. Kutoka hapo, kati ya 1967 na 1988, zilirushwa setilaiti tisa. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na kwa heshima ya siku hiyo Wamarekani wenye chombo wakakiita Uhuru. Si utani. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota, na iliacha orodha ya vyanzo 339. Mmoja wao, Cygnus X-1, ndio uliowafanya wataalamu waanze kuamini kwa dhati kwamba mashimo meusi yapo kweli huko juu. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Haya yote yana jina la Kiswahili, na yalianzia kwenye maji ambamo watu hutega tasi na changu. Halafu naambiwa mandhari si ya Kiafrika!

Basi nikaipeleka barua yangu kwenye kikao chetu cha Jumamosi nikitarajia kupozwa roho. Wapi! Dada mmoja anayetuandikia mashairi makali, ambaye mama yake anauza mboga sokoni, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza: "Kaka, hiyo roketi yako inapunguza bei ya unga kwa shilingi ngapi?" Wote wakaangua kicheko. Mimi pia, lakini changu kilikuwa cha kufunika aibu. Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nimenuna, na usiku huo, kwa hasira tu, nikakitoa chini ya kitanda kitabu nilichonunua zamani kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, jalada lake limeshang'oka: "Walenisi" cha Katama Mkangi, cha mwaka 1995.

Nataka kukizungumzia kitabu hicho hapa, kwa sababu naona kinajibu swali la dada yule vizuri kuniliko, halafu mahali fulani kinaniangusha.

Kisa chake unakijua au umekisikia. Dzombo (jina hilo ni la mahali pia, kule Kwale) amehukumiwa kufa katika nchi ambayo haki imegeuzwa biashara ya wakubwa. Hanyongwi, wala hapigwi risasi. Anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Ndiyo hukumu yenyewe. Kwa ajabu hafi. Anafika kwenye ulimwengu mwingine uitwao Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa, na huko anajifunza upya maana ya kuwa mtu. Jina ukilikata vipande linasema lenyewe: wale ni sisi.

Simama kwanza hapo kwenye kurushwa. Nilipokisoma mara ya kwanza nikiwa kijana wa shule nilidhani mwandishi alitaka tu njia ya kumfikisha mtu wake mbali, kama vile wengine wanavyotumia ndoto au jini. Safari hii niliona kitu kingine. Mkangi alikuwa mtu wa Pwani, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kesi. Mtu aliyewahi kufungiwa chumbani na dola anajua chombo kidogo chenye mlango unaofungwa kutoka nje kina maana gani. Na mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa kwamba roketi zipo. Wakati wa kuchapishwa kwa "Walenisi" ilikuwa miaka saba tu tangu roketi ya mwisho ipande kutoka jukwaa la Ngomeni mwaka 1988. Sidai kwamba alikuwa akilifikiria jukwaa lile. Nasema tu kwamba katika riwaya yake roketi si ushindi wa binadamu wala si ndoto ya mtoto anayetazama nyota. Ni kitanzi cha kisasa. Serikali isiyoweza kumpa raia dawa inaweza kupata mafuta ya kumtupa nje ya dunia.

Sasa hilo, wenzangu, si ndilo swali la unga lenyewe? Wamarekani wenyewe walishaulizana. Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka, mchungaji Ralph Abernathy, mrithi wa Martin Luther King, alifika uwanjani kule Florida na familia maskini pamoja na mikokoteni ya nyumbu. Mkubwa wa NASA, Thomas Paine, akatoka kuzungumza nao. Alisema kwamba kama kutobonyeza kile kitufe kungeondoa umaskini, asingekibonyeza. Jibu zuri, la kiungwana. Lakini ni jibu la mtu ambaye kitufe kiko mikononi mwake. Mkangi anatuweka upande wa pili: anatueleza roketi kwa macho ya yule aliyefungwa mikanda ndani yake. Sijaona mwandishi mwingine wa Kiswahili aliyelifanya hilo kwa ukali kama huo, na kwa hilo peke yake kitabu kinastahili kutoka chini ya kitanda.

Na miaka yenyewe ilikuwa hiyo. Wafadhili walisimamisha misaada kwa Kenya Novemba 1991. Hospitalini na vyuoni tukafundishwa neno jipya, kugawana gharama. Wafanyakazi wa serikali wakapunguzwa kwa maelfu. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na bahasha na redio. Sera ya uchumi ilikuja kama hukumu iliyoandikwa mahali pengine: unasomewa tu, halafu unarushwa.

Lakini sitaki kumfanya Mkangi mtume. Akishamfikisha Dzombo Walenisi, riwaya inaketi chini na kuanza kuhutubu. Kurasa kwa kurasa watu wa kule wanaeleza, Dzombo anauliza, wanaeleza tena. Usawa, utu, kazi, ndoa, elimu. Mengi ni mambo ya maana na mengine yanachoma hata leo. Lakini mimi, buda, nilipiga miayo. Hakuna anayekosea kule. Hakuna anayegombana na mwenzake kuhusu zamu ya kuteka maji. Nilitaka nimwone fundi wa Walenisi mwenye mikono michafu, nimsikie akilalamika kwamba kitu fulani kimevunjika na kamati haijakubaliana kukitengeneza. Jamii ya haki pia ina bajeti. Pia inabidi ichague kati ya kisima na darubini, na mtu mmoja mzuri atakasirika. Mwandishi aliyetuonyesha kwa ukatili namna hiyo chombo cha dhuluma hakutuonyesha kwa jicho lilelile chombo cha haki kinavyofanya kazi.

Na hapa simlaumu yeye peke yake. Tazama riwaya zetu nzito. "Mzingile" ya Kezilahabi ya 1991 inatuachia dunia iliyoangamia. "Bina-Adamu!" ya Wamitila ya 2002 inatutembeza katika kijiji cha utandawazi kinachotawaliwa na mwingine. Ni vitabu ninavyovipenda, msinielewe vibaya. Lakini humo sayansi huwa haina shangazi. Inatoka mbali, inaharibu, inaondoka. Hakuna mhusika anayeishika mkononi, akaifungua kwa bisibisi, akaiogopa na kuipenda kwa pamoja, jinsi jamaa wa Luthuli Avenue wanavyofungua simu yako na kukuambia "hii ni kitu kidogo tu, boss" wakati wewe moyo unakudunda.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Kile kikundi cha nyota wanachokiita Kilimia kimepewa jina kutokana na kulima. Mkulima aliitazama mbingu ajue lini ashike jembe. Nahodha naye aliitazama ajue wapi aelekeze tanga. Mbingu ilikuwa sehemu ya bei ya unga. Hakuna aliyemwambia mkulima yule kwamba nyota hazina mandhari ya Kiafrika.

Ndiyo maana niliposikia habari za Taifa-1 nilifurahi kama mtoto. Ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023, kamera ndogo ya kutazama mashamba, misitu na maji yetu kutoka juu. Kilimia ya chuma, nikajiambia. Gharama yake ilitajwa kuwa shilingi milioni 50. Nikachukua kalamu. Bajeti ya serikali mwaka ule ilipita trilioni 3. Yaani katika kila shilingi elfu moja, setilaiti ilichukua chini ya senti mbili. Nikaipeleka hesabu hiyo kikaoni Jumamosi iliyofuata, kifua mbele.

Yule dada akaitazama karatasi. Akasema, "Sawa. Na imerushiwa wapi?"

California, nikasema. Juu ya roketi ya kampuni ya Elon Musk. Na tuliijenga kwa msaada wa kampuni ya Bulgaria.

"Na Ngomeni?"

Hapo ningeweza kumwambia ukweli wa kitaalamu: Ngomeni iko karibu na Ikweta, ambako dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa na kuipa roketi msukumo wa bure, lakini msukumo huo una faida kwa chombo kinachoelekea mashariki. Taifa-1 ilikuwa inapita juu ya ncha za dunia, kwa hiyo msukumo ule isingeutumia. Nilimwambia. Ni kweli tupu. Lakini nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa ikifanana na ya Thomas Paine, adabu nyingi na kitufe mkononi mwa mwingine.

"Mimi sina ugomvi na senti mbili zako," akanijibu. "Nauliza ile shilingi elfu inaamuliwa na nani."

Mwaka uliofuata swali hilo lilitoka kikaoni likaingia barabarani. Juni 2024, mswada wa fedha ulipokuwa bungeni, vijana waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaupitisha kwa simu, na kuna aliyetengeneza programu ya kompyuta ambayo unaiuliza mswada unasema nini nayo inakujibu. Tarehe 25 watu waliuawa kwa risasi karibu na bunge. Kesho yake rais akakataa kuutia mswada sahihi. Nilikuwa kwenye umati ule, na yule dada alikuwa hatua chache mbele yangu, kitambaa chenye maji usoni. Nawaambia hivi kwa sababu ya riwaya. Kwa wiki chache niliona kitu ambacho "Walenisi" haikunionyesha: watu wa kawaida wameishika teknolojia, wanakosea, wanazozana, mmoja anasambaza uvumi na mwingine anamkanya, na mambo yanakwenda. Hapakuwa na mhadhiri hata mmoja.

Desemba ya mwaka huohuo, tarehe 30, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500, ilidondoka kutoka mbinguni ikaangukia Mukuku, kijiji cha Makueni. Haikumdhuru mtu. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Watu walitoka mashambani wakaja kuitazama. Nilimpigia simu mwenzangu yule usiku, nikamwambia: unaona, hata tukikataa kuandika juu ya anga, anga inatuandikia barua. Akacheka. Akaniuliza kama nimeshaanza.

Nimeshaanza. Hadithi ya Ngomeni nimeirudia upya. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa mhandisi mwenye suti, nimemwondoa. Sasa ni mama mwenye shamba la mahindi, pete imeangukia ukingoni mwa shamba lake, maafisa wameichukua, na yeye anadai fidia ya mahindi yaliyokanyagwa na watazamaji. Anapelekwa ofisi hadi ofisi. Nimemwazima Mkangi ile hasira ya mwanzo na nikajitahidi kuyaepuka mahubiri ya baadaye, ingawa ukurasa wa tisa bado una karani mmoja anayeongea sana. Mswada nitausoma Jumamosi. Mwenye nakala ya "Walenisi" yenye jalada aje nayo, yangu imeanza kumwaga kurasa.