Nguvu Isiyolipiwa Hongo

Wapenzi wa simulizi za mapigano, tuambiane ukweli: nyingi tunazosoma siku hizi kwenye simu zinachosha kuanzia sehemu ya 20. Mwanzo zinanoga. Kijana maskini anaonewa mtaani, anaokota pete au anarithi kitabu cha babu, nguvu inamwingia, anawachapa waliokuwa wakimwonea. Tunashangilia, tunamtumia mwandishi buku lake ili tupate sehemu inayofuata. Halafu zinaanza ngazi. Steringi yuko ngazi ya tatu, adui yuko ya tano. Steringi anaingia pangoni, anakaa siku saba, anatoka akiwa wa sita, anashinda. Anatokea adui wa ngazi ya nane. Mwaka huu nimesoma tatu za namna hii, na zote ningeweza kuzimalizia mwenyewe kwa kikokotoo.

Mtindo huu umetoka kwenye riwaya za mtandaoni za Wachina na katuni za Wajapani. Kuazima si kosa. Sisi tuliozaliwa miaka ya tisini tumelelewa na kibanda umiza, tumekaa kwenye mabenchi ya mbao tukitazama kung fu huku sauti ya Lufufu, au ya wengine waliofuata nyayo zake, ikitusimulia kwa Kiswahili kinachotokea. Ila naona tuliazima ganda tukaacha kokwa. Chukua ile filamu ya Shaolin ya mwaka 1978, yenye vyumba 36. Kijana anabebeshwa ndoo za maji, mikono imenyooka, na chini ya mikono amefungwa visu: akiishusha kidogo tu, anajichoma mbavu. Sasa huyu akija kumpiga mtu ngumi, mtazamaji anajua ngumi ile imegharimu nini. Hakuna aliyehitaji kumwambia yuko ngazi ya ngapi.

Jin Yong, gwiji wa riwaya za mapanga wa Hong Kong, alikwenda mbali zaidi. Katika riwaya aliyoichapisha gazetini kwa mfululizo kuanzia 1967 hadi 1969, kila mtu anakimbilia kitabu cha siri cha mapigano kinachoitwa kwa jina la ua la alizeti. (Huku kwetu, Dodoma na Singida, alizeti ni mafuta ya kukaangia, lakini tuendelee.) Anayetaka kuifuata elimu ya kitabu kile sharti kwanza ajihasi. Basi. Kuanzia hapo kila pambano lina swali ndani yake: huyu anayeshinda, ameshinda nini? Na ile ilikuwa hadithi ya kila siku gazetini, kwa hiyo wale wanaojitetea kwamba simulizi za vipande lazima ziwe ndefu na nyepesi, utetezi wao siuoni.

Kitu kinachokosekana kina jina, na jina hilo lilikuwa la hapa Ugogo kabla halijawa la Takukuru. Hongo. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kwenye uwanda huu. Ukitoka upande wa Mpwapwa ulikuwa unaikata nyika ya Marenga Mkali, jina linalosimulia maji yake machungu, na ukifika Ugogo ukiwa na koo kavu unakuta visima vina wenyewe. Watemi walidai hongo: vitambaa, shanga, nyaya. Stanley alipita hapa mwaka 1871 na bunduki zake, akalalamika kitabuni kurasa na kurasa, lakini alilipa. Burton na Speke walikuwa wamepita mwaka 1857, nao walilipa.

Hebu litazame hilo kwa jicho la mtunzi wa mapigano. Nani mwenye nguvu zaidi, mwenye bunduki au mwenye kisima? Huwezi kuwapanga kwenye ngazi. Bunduki inaishinda mikuki, kiu inaishinda bunduki, na mwenye maji naye anakitaka kitambaa cha mgeni. Nguvu zao ni za aina tofauti, kila moja ina mlango ambao nyingine inaweza kuingilia, na mlangoni amesimama mtu anayetaka kulipwa. Nikisoma simulizi siku hizi ndicho ninachokitafuta. Nguvu hii inalipiwa nini? Analipwa nani? Na malipo yanamuuma mlipaji, au ni usingizi wa siku saba pangoni?

Mtu asiseme hii ni kanuni ya kigeni. Fumo Liyongo, kama tunavyompata kwenye utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hadhuriki kwa silaha yoyote. Kitu kimoja tu kinaweza kumuua: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anaijua yeye, na anaitoa kwa mtoto wake wa kumzaa, ambaye Mfalme wa Pate amemrubuni kwa kumwahidi binti yake. Tazama ufundi wa jambo hilo. Mwandishi wa leo angeificha sindano kwenye kisiwa chenye majoka saba. Mtunzi wa zamani aliiweka mahali pagumu zaidi, kati ya baba na mwana. Na Liyongo akishachomwa haanguki hovyo. Anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anafia pale pale katika mkao wa kulenga. Watu wanashindwa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Maiti imeuzuia mji mzima! Hilo ndilo pambano lake kubwa kuliko yote, na hakurusha mshale hata mmoja.

Wajaluo wana Luanda Magere, mwili wa jiwe, uhai wake kivulini. Aliyeijua siri ni mke aliyeletwa kutoka kwa maadui, siku mumewe alipougua akamwambia amchanje kivuli. Muundo ni ule ule: ukumbini unaitwa shujaa, chumbani lazima uwe na mtu unayemwamini.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisiwe mpole na simulizi za bwerere. Nchini kwetu, mwili usioingia risasi haukubuniwa kwa ajili ya burudani. Mwaka 1905 watu wa kusini waliamini maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Alinyongwa mwezi Agosti mwaka huo huo, na vita viliendelea hadi 1907, watu makumi kwa maelfu wakafa, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya 1969, hakutupa maji yanayofanya kazi. Alitupa mtu anayewaomba wapiganaji wasubiri, nao hawasubiri, kwa sababu dawa imeshamtoka mikononi. Mwishoni anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, anakataa, ingawa yeye mwenyewe ana mashaka nayo kuliko mtu yeyote. Nguvu isiyofanya kazi imezaa mvutano ambao pete zote nilizosoma mwaka huu hazijaukaribia.

Kwa hiyo mwandishi kijana wa Dodoma anayetaka kutunga mpiganaji, asianzie China. Akitafute kitabu cha mila na desturi za Wagogo cha Mathias Mnyampala, mzaliwa wa hapa hapa, kilichotoka 1954. Kisha atunge, tuseme, binti anayeikata Marenga Mkali na msafara, ambaye nguvu zake zinakaa mwilini kadiri asivyokunywa maji. Siku ya kwanza anamzidi mtu mmoja. Siku ya tatu anawazidi kumi, lakini ulimi umevimba na macho yanaona watu wasiokuwepo. Kisimani amekaa mtemi, na anayempa kibuyu ni mama yake, ambaye hajui lolote kuhusu sharti hilo na anaona tu mtoto wake anakufa kwa kiu mbele yake. Simulizi hiyo ningeilipia hata buku mbili kwa sehemu.